Pete Ndani ya Hori

Kama una nia ya kumchumbia mwanamke, usimwendee akiwa ameshika pini kwa meno. Kwanza hawezi kukujibu. Pili, akijitahidi kukujibu atazimeza, na sherehe yenu itaanzia kwa daktari. Lakini nani angemwambia Punguzo? Kijana alikuwa ameshapiga pasi shati, ameshajipulizia manukato ya kutosha mtaa mzima, na miguu ilikuwa inampeleka yenyewe.

Hilo jina la Punguzo alibandikwa na wafanyakazi wa duka. Yeye ndiye meneja, mtoto pekee wa mwenye duka, na hakuna kitu alichokiona chini ya jua bila kukitafutia punguzo. Masufuria, mashuka, viatu vya watoto, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka na kadi nyekundu shingoni. Lakini alikuwa na kicheko, Mungu amlinde. Mteja aliyekuja kugomba kuhusu pasi mbovu aliondoka na pasi mpya, birika, na salamu za kumpelekea mumewe.

Na mwenye pini mdomoni ndiye Pini mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuyapamba madirisha mawili makubwa ya mbele, yale yanayotazama barabara. Ni kazi ya kufanya ukiwa na soksi tu, maana kiatu kikikanyaga kile kitambaa cheupe cha sakafuni, alama yake inaonekana hadi ng'ambo. Ni kazi ya kuishi kama samaki kwenye tangi la kioo: watoto wanakugongea, wazee wanakukodolea macho, na wewe unaendelea kushona upindo kana kwamba huna habari.

Halafu kuna shida ya kazi hiyo ambayo ndiyo iliyozaa yote haya. Mpambaji akiwa ndani haoni anachokiona mpita njia. Lazima mtu asimame ng'ambo ya barabara amwelekeze kwa mikono, kwa sababu kioo ni kinene na sauti haipiti. Mtu huyo alikuwa Punguzo. Kiganja juu, inua. Kidole pembeni, sogeza. Ngumi kifuani, hapo hapo, usiguse. Siku moja Pini alikuwa hajagusa chochote, amesimama tu anajifuta jasho, akaona ile ngumi imekwenda kifuani. Akasogea kulia. Ngumi ikabaki. Akasogea kushoto. Ikabaki vile vile. Wakatazamana, magari yakipita katikati yao, na tangu siku hiyo Pini akawa anapamba madirisha mara nyingi kuliko yalivyohitaji kupambwa.

Sasa mwaka huu, Krismasi ilipokaribia, Pini alimfuata mwenye duka ofisini. Wafanyakazi wote walimwita Mama Bosi, na walimwita hivyo wakiwa wamesimama wima.

"Mama Bosi," alimwambia, "sikukuu hii ina mwenyewe. Dirisha moja liwe la bidhaa, sawa. Naomba la pili liwe lake. Bila bidhaa, bila bei."

Kwa bahati friji zilizopangiwa dirisha lile zilikuwa zimechelewa kufika. Mama Bosi akakubali, huku akiangalia pembeni kama mtu anayemeza dawa chungu.

Pini akajenga zizi. Yusufu alikuwa yule sanamu wa idara ya suti, kanyang'anywa tai. Maria alitoka idara ya nguo za kulalia, kafunikwa vizuri mpaka kisogoni. Ng'ombe alishonwa kwa magunia, na shingo ilimwendea upande kidogo, wafanyakazi wakasema kafanana na mhasibu. Katikati, chini ya taa moja ndogo, aliweka hori ya mbao yenye nyasi kavu. Ndani ya hori hakuweka kitu. Mtoto, mwanasesere mdogo, alikuwa ndani ya kikapu cha nyuzi cha Pini, kaviringishiwa kitambaa, akisubiri jioni ya mkesha.

Na huo mkesha ndio uliokuwa umefika. Alasiri ile Pini alikuwa amepiga magoti nyuma ya Maria akirekebisha upindo, pini zimepangana mdomoni, ndipo kile kimlango cha kuingilia dirishani kilipolia.

"Usiseme kitu," sauti ya Punguzo ilisema. "Geuka tu, taratibu."

"Mm-mm!" Pini aliguna, akinyoosha kidole kwa hasira. Viatu!

Punguzo hakukielewa kidole. Alikuwa ameshapiga goti juu ya kitambaa cheupe, nyayo zake zimepangana nyuma yake kama mihuri ya posta.

Huko nje watu walikuwa wanajikusanya. Mbele kabisa, paji la uso limegusa kioo, alisimama Shangazi, dada wa marehemu baba yake Pini, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Amevaa kile kilemba chake cha harusini. Simu iko juu, anapiga picha. Hapo Pini akajua kuwa jambo hili limepangwa, na kwamba yeye peke yake ndiye hakualikwa kwenye mkutano.

"Tazama horini," Punguzo alinong'ona.

Pini akatazama. Juu ya nyasi kulikuwa na kijisanduku chekundu, kimefunguliwa, na ndani yake pete. Jiwe lake lilimeta, maana Punguzo, kwa kujua biashara, alikuwa ameipindisha ile taa ndogo iimulike vizuri.

Pini alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kimto cha pini kilichofungwa mkononi mwake. Hakufanya haraka.

"Nani ameweka hiki kitu hapa?"

"Mimi. Ulipokwenda kunywa chai." Uso wa Punguzo ulikuwa unang'aa kuliko pete. "Nilikuwa najiuliza nikuposee wapi, mahali pa maana. Kila nikipita naona hori iko tupu. Nikasema, maskini, mpenzi wangu amekosa kitu cha kuweka. Basi nitamjazia mimi."

"Umenijazia."

"Nimekujazia, mpenzi."

"Hori imeachwa wazi makusudi, wewe mwanamume!"

"Makusudi gani? Wateja wote wanauliza mtoto yuko wapi."

"Ndicho ninachotaka waulize! Mtu apite hapa kabeba mifuko mpaka shingoni, asimame, ajiulize, hivi Mtoto yuko wapi? Anazaliwa usiku wa leo. Hapo ni mahali pake, pamewekwa, panamsubiri." Pini alivuta pumzi. "Nyumba ya wageni alikosa nafasi, akaambulia hori. Sasa hata horini umemtangulia, na pete?"

Kule nje Shangazi alikuwa anachezesha mikono kama anayefukuza kuku: Chukua! Chukua! Bwana mmoja mnene pembeni yake alitikisa kichwa kwa masikitiko, akawatafsiria wenzake, na wote wakashika mashavu.

"Kwa hiyo umenikataa," Punguzo alisema, sauti imepungua kuliko bei zake zote.

"Sijakukataa wewe. Nimekataa mahali."

"Basi twende pale kwenye masufuria nikakuulize huko."

Pini alijing'ata mdomo asicheke. Hii ndiyo ilikuwa tabu ya mtu huyu. Unamkasirikia vizuri, umeshapanga maneno, halafu anakutekenya. Na macho yake je? Yale macho yalikuwa yanamtazama kutoka chini, yamejaa hofu na mapenzi. Pini akayakwepa.

"Simama kwanza. Kuna jingine. Kesho asubuhi, kwenye ubao wa zamu, watu wote wa duka hili wako wapi?"

Punguzo akajishika shingo. Mwaka huu, kwa wazo lake mwenyewe, duka lingefunguliwa Krismasi asubuhi. Lilikuwa na jina kabisa: Siku ya Waliosahau. Kwa waliosahau kununua zawadi.

"Wewe nimekutoa," alisema haraka. "Hukuona? Jina lako halipo."

"Nimeona. Na keshia nimemwona yupo, aliyewafundisha watoto wa kanisani kwake igizo la kuzaliwa Bwana, na kesho hataliona. Mlinzi yupo, naye ni mzee wa kanisa, anapaswa kusoma neno. Hao wote wasimame hapa wafungie watu zawadi, halafu mimi niwe kanisani naimba kwa raha zangu kwa sababu meneja ananipenda?"

"Pini, ni asubuhi moja tu."

"Ndiyo hiyo moja! Mwaka mzima nimekupa asubuhi zangu zote, nimekupambia pasi, nimekupambia birika, nimekupambia hata mifagio. Hiyo moja si yako."

Gari lilipiga honi huko nje, lakini ndani likasikika kama mbu.

"Unajua kwa nini sijawahi kukuomba kitu?" Pini aliuliza, sasa kwa upole. "Shangazi ananiita mjinga. Anasema wenzangu wanaletewa majokofu, mimi naletewa vichekesho. Si kwamba sipendi vitu vizuri. Hiyo pete ni nzuri, nisikudanganye, macho yangu yamekwenda yenyewe. Lakini nataka mume ambaye Krismasi yake ina mwenyewe. Mungu akitujalia watoto watakuuliza, baba, leo ni sikukuu ya nani? Utawaambia nini? Ya punguzo?"

Punguzo alilijua jina lake la utani. Siku zote lilimchekesha. Leo lilimwingia mahali.

Kimlango kililia tena, na safari hii aliingia Mama Bosi. Viatu vyake alivishika mkononi. Huyu alikuwa amelisimamisha duka lile kwa mikono yake, na sheria ya dirisha aliijua kuliko mtoto wake.

"Msiguse!" alisema huku anahema kwa furaha. "Msiiguse hiyo pete! Mmeona nje? Tangu nianze biashara sijapata umati kama huu. Nimeshaagiza idara ya vito washushe pete nyingine. Tunazipanga humo humo horini, tunabandika na bei. Pini, msogeze huyo Yusufu, anaziba."

Pini alisimama. Alijiona alivyo, msichana wa soksi, nyuzi zimemnasa kwenye nywele, mbele ya mwanamke ambaye neno lake moja lingemtoa kazini, na ambaye huenda angekuwa mama mkwe wake. Vyote viwili vingeweza kumponyoka kwa sentensi moja. Akaisema.

"Mama Bosi, nakuheshimu kama mzazi wangu. Sitaweka."

"Hutaweka?"

"Sitaweka. Dirisha hili ulinipa bila bei, na nimeshamtolea mwenyewe. Kama leo ndiyo mwisho wangu hapa, nitatoka kwa kimlango hicho na kikapu changu. Lakini mkono huu hautabandika bei horini."

Hakupandisha sauti. Hakulia. Alisimama kifua mbele kama anayetaja jina la ukoo wake, na hata wale wa nje, ambao hawakusikia neno, waliacha kunong'onezana.

Mama Bosi akamgeukia mwanawe. "Huyu ndiye unayetaka kuniletea nyumbani? Hata hajaolewa ananikatalia! Kakukataa wewe mbele ya mtaa mzima, na bado unamtazama namna hiyo?"

"Hajanikataa mimi, Mama," Punguzo alisema polepole. "Amekataa mahali."

Kisha akainama, akavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia, na huko nje kicheko kikazuka kama maji yamemwagika. Meneja mzima! Punguzo hakujali. Alikwenda horini, akakichukua kijisanduku, akakifunga, akakitia mfukoni. Akazisawazisha nyasi kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Akairudisha taa ilivyokuwa. Halafu akachukua kalamu nene kutoka kwenye kikapu cha Pini, akatoa mfukoni kadi nyekundu ya bei, akaipindua, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, akaibandika kiooni, maandishi yakitazama barabara.

Mama Bosi alilazimika kuyasoma kwa nyuma, kwa mwanga uliopita kwenye kadi. KESHO TUMEFUNGA. TUNAKWENDA KWA MWENYE SIKUKUU.

"Wewe mtoto, umerukwa na akili? Kesho ni Siku ya Waliosahau! Wazo lako mwenyewe!"

"Waliosahau ni sisi, Mama."

Yule bwana mnene alikuwa anawasomea wenzake ile kadi, na midomo yao ilikuwa inaifuata. Kuna waliopiga makofi. Kuna mmoja aliyetazama mifuko yake, akaishusha chini kidogo, kama vile imekuwa mizito ghafla.

Mama Bosi hakupiga makofi. Alikaa kwenye tofali la zizi, viatu vyake vimelala mapajani. Kwa muda mrefu alimtazama ng'ombe wa magunia.

"Baba yake alipotuacha," alisema mwishowe, si kwa mwanawe, kwa Pini, "nilikuwa na meza ya soksi nje ya kanisa. Krismasi niliuza soksi nikiwasikia wanaimba ndani. Nikawa najiambia, mwakani nitaingia. Nikapata kibanda. Mwakani. Nikapata duka. Mwakani." Akazipangusa soksi zake vumbi ambalo halikuwepo. "Siku hizi watu huvaa nini kanisani?"

Pini alichutama mbele yake. "Wanavaa walichonacho, Mama."

"Mwanangu, nina duka zima la nguo. Usinitie aibu." Akainuka, akanyoosha mgongo, na u-Bosi wake ukamrudia wote. "Lakini keshokutwa tunafungua mapema! Na wewe uliyekanyaga kitambaa, utakifua mwenyewe kwa mikono yako."

Akatoka. Wakabaki wawili, na Maria, na Yusufu asiye na tai.

Punguzo hakupiga goti tena. Alisimama mbele ya Pini wakiwa sawa, soksi kwa soksi, akafungua viganja vyote viwili.

"Sina kitu mkononi," alisema. "Pete itakaa mfukoni mpaka nitoke ibadani. Nimekaa miaka yote benchi la nyuma, mlango uko karibu, simu iko mkononi, na nilidhani hiyo ndiyo imani. Nakuomba unifundishe kukaa. Kesho nikae wapi?"

"Mbele."

"Mbele kabisa?"

"Nikiimba nataka nikuone. Na ukisinzia nitakuita kwa jina lako la dukani, kwa sauti ya kwanza, kwaya nzima isikie."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Pini. Krismasi ya nyumba yangu itakuwa na mwenyewe. Na mimi nitakuwa mlinzi wake tu. Utakubali kuwa mke wangu?"

Pini alimtazama mtu huyu aliyemfanya apambe mifagio kama maua, aliyesimama sasa mbele ya mtaa mzima na kidole gumba nje, aliyemwambia mama yake neno ambalo hajawahi kumwambia. Hakuwahi kumwona mzuri kiasi kile.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, nakubali. Na ningekubali hata kwenye masufuria."

Wa nje hawakusikia. Walichoona ni meneja anajishika kichwa kwa mikono miwili na kuzunguka mahali pamoja kama kuku aliyepotewa na vifaranga. Wakabishana kama hiyo ni furaha au msiba. Shangazi hakuweza kusubiri, akaanza kugonga kioo.

Pini alitoka kwa kimlango, akavaa viatu, akapita katikati ya duka. Habari zilikuwa zimemtangulia. Keshia alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Mlinzi alisimama wima mlangoni, akavua kofia, akasema tu, "Kesho nitasoma, dada yangu. Nitasoma vizuri." Pini alipita kichwa juu, akijua kabisa kuwa kichwa kiko juu, na hakuomba radhi kwa hilo.

Shangazi alimdaka kwenye ngazi. "Lete kidole!" Akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakagua na vya mkono wa pili. "Kitupu! Nimeacha chungu jikoni, nimevaa kilemba cha harusi, nimesimama juani nimebanwa na lile libwana linalotafsiri uongo, halafu kidole kitupu?"

"Nimepata mume, Shangazi."

"Na pete?"

"Ipo naye," Pini alisema, akiupitisha mkono wake kwenye mkono wa Shangazi. "Ataniletea kesho, akishatoka kuabudu."